Arsenal Yaenda Kuposa Buffalo

Jumapili, 17 Agosti

Ligi ya Uingereza imefunguliwa, na imefunguliwa vizuri. Arsenal imekwenda Old Trafford na kuwafunga Manchester United moja bila, nyumbani kwao, mbele ya mama zao. Mechi ilianza wakati mchungaji yuko katikati ya mahubiri. Mimi sitazami simu kanisani, nina heshima zangu. Lakini mzee Gaspari, mshabiki wa Manchester tangu tukiwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma, alikuwa amekaa mbele yangu na simu yake kaificha ndani ya Biblia, na mara nikaona mabega yake yanashuka. Nikajua tumefunga. Nikasema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko mahubiri yalivyohitaji, na mke wangu Joselyne akanifinya paja.

Baada ya ibada Ruta akanivuta pembeni, kwenye maegesho. Ruta ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, na sasa anaendesha forklift ya kupakia mizigo huko Okolona, hapa hapa Louisville, na kunipita kwa kimo.

"Baba mdogo, nimepata mchumba."

Jina lake Aksanti, Mshi, kabila la huko Bukavu, anaishi Buffalo, East Side. Walikutana Columbus wakati wa Pasaka, kwenye mkutano wa kwaya. Nikamuuliza kama ni binti mwenye adabu, akasema ndiyo. Nikauliza kama anasali, akasema anaimba sauti ya kwanza. Basi tatizo nini?

"Tatizo ni baba yake."

"Mlevi?"

"Hapana. Manchester."

Nilicheka mpaka Joselyne akageuka kututazama. Ruta hakucheka. Mzee huyo anaitwa Birindwa, na amekwisha sema kwamba mtoto wake anaweza kuolewa na Mkristo yeyote mwenye heshima, lakini hatakubali watu wa Arsenal waje kumfanyia mzaha mezani pake. Na Aksanti naye amesema bila baraka ya baba yake hatoki nyumbani, hata Ruta alie machozi ya damu.

"Ndiyo maana nataka wewe uwe msemaji wetu," akasema.

Nilikubali kabla hajamaliza. Sasa angemtafuta nani mwingine? Msemaji wa posa anahitaji mdomo tu. Anasimama mbele ya wazazi wa binti, anabisha hodi kwa maneno, anatupiwa mafumbo, anayadaka. Na kama fumbo lenyewe ni mpira wa Uingereza, mimi naijua historia yake kama wengine wanavyoujua ukoo wao. Kambini, jenereta ya kibanda cha video ikizimika, watu walikuwa wakinigeukia mimi niwamalizie mechi. Huyu Birindwa atanitambua.

Alhamisi, 21 Agosti

Kazini ghalani. Maboksi. Joto la kukaangia karanga.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimeanza mazoezi. Wakati wa mapumziko ya kazini nakaa na Gaspari, maana tuko ghala moja, kwenye gari lake, kiyoyozi kimewashwa, yeye anakuwa Birindwa na mimi nakuwa mimi. Nimemwonyesha silaha zangu. Kwanza 1989, Arsenal inakwenda Anfield kwa Liverpool, inatakiwa kushinda kwa tofauti ya mabao mawili ichukue ubingwa, dunia nzima imecheka, na bao la pili linaingia dakika za mwisho kabisa. Kisha 2012, Manchester United wamekwisha maliza mechi yao, wanasubiri kombe, na kwingineko majirani zao Manchester City wanafunga dakika za nyongeza na kuwanyang'anya mdomoni.

"Silvano," Gaspari akaniuliza, "unakwenda kuposa au kupigana?"

"Vyote viwili."

Akatikisa kichwa na kumalizia sambusa yake. Nadhani bado ana uchungu wa Old Trafford.

Jumapili, 14 Septemba

Ruta amenunua suti. Imembana mabegani lakini hataki kuambiwa.

Joselyne amenisikiliza nikifanya mazoezi nikiwa naosha vyombo. Akasema, "Baba, mwenye kiu hamgombezi mwenye mtungi." Nikamjibu kwamba wanaume wa mpira wanaheshimiana kwa ukweli. Alinitazama kama anayetazama sufuria inayokaribia kuungua, halafu akaenda kulala.

Jumamosi, 27 Septemba

Mama Laurentine amepiga simu. Huyu ni dada mdogo wa Birindwa, anaishi Hilliard, pale Columbus, na kazi yake ni kuwatunza wazee. Yeye ndiye daraja letu. Amesema tukutane nyumbani kwake tarehe 11 Oktoba, maana Columbus iko katikati, hakuna atakayejiona amemfuata mwenzake. Tarehe yenyewe ni nzuri pia: wiki hiyo zinacheza timu za taifa, ligi imesimama, hakuna atakayekuwa anachungulia simu.

"Kaka yangu ni mutu ya muzuri," alisema. "Muache aseme. Akimalizaka kusema, anakuwaka na roho ya kutoa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika leo mambo ya jana. Jana sikuweza.

Tulifika Hilliard kabla ya saa sita, mimi, Joselyne, Ruta kwenye suti yake, na Gaspari kama mzee wetu. Laurentine alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, samaki na ugali wa fufu, nyumba nzima inanukia mawese. Birindwa alikuwa amefika kutoka Buffalo na Aksanti na wazee wawili wa kanisa lao. Nilitegemea jitu. Nikakuta mtu mfupi, mkimya, mikono migumu ya kiwandani, amevaa koti la kijivu ambalo hakulivua hata alipoambiwa nyumba ina joto. Aksanti alitusalimia kwa kupiga goti kidogo. Ni binti mzuri. Ruta alisahau kujibu salamu.

Mwanzo ulikwenda kama maji mteremkoni. Nilibisha hodi kwa maneno, nikasema tumepotelewa na ndama na nyayo zake zimetufikisha hapa, wazee wakacheka na kutukaribisha. Tulipokula, mpira ukaingia wenyewe. Tukajadili lile bao la fainali ya 1966, Uingereza na Ujerumani, kama mpira ulivuka mstari au la. Birindwa akasema haukuvuka. Nikasema haukuvuka. Tukapeana mikono juu ya samaki. Ruta akanitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha oa.

Kisha Birindwa akaweka kijiko chini.

"Bon," akasema. "Miye nitabaelezea bao moja tu. Ilikuwa mwaka ya quatre-vingt-dix-neuf, tisini na tisa, Old Trafford, kwetu. Ba Arsenal banatusumbua kabisa. Giggs anakamata mupira kule nyuma..."

Akasimama. Akasogeza meza kwa mguu. Mtu yule mkimya akaanza kukimbia kati ya viti vya dada yake, koti linapepea, anapita wa kwanza, anapita wa pili, anahesabu kwa sauti, mpaka akafika saba, akampita na golikipa, akaingia na mpira wavuni kwa miguu yake mwenyewe. Akainua mikono. Wazee wake wakapiga makofi, na Laurentine alikuwa anafuta macho kwa kitenge. Nilidhani ni kicheko.

Mimi nikasema, "Mzee, samahani kidogo."

Sasa nikiandika, naiona ile "kidogo" imekaa pale peke yake. Nikamweleza kwamba mechi haikuwa Old Trafford, ilikuwa Villa Park, nusu fainali ya Kombe la FA, mechi ya marudiano. Nikamweleza kwamba watu hawakuwa saba. Nikamweleza kwamba Giggs hakuingia na mpira wavuni, aliupiga juu ya kichwa cha kipa. Na kwa kuwa niliona hajaridhika, nikatoa simu, nikatafuta video, nikaizungusha mezani kila mtu aone. Mzee mmoja wa upande wao akacheka. Hapo nikapata moto zaidi, nikasema, tukizungumza kumbukumbu, tusisahau na ile siku ya 2012. Nikaisimulia yote. Nilisimulia vizuri mno.

Birindwa alikuwa amekaa. Akafunga kifungo cha koti.

"Donc unasema mwenye alinielezea alikuwa muongo."

"Mzee, muongo au hakuona vizuri, bao ni lile lile."

Akasimama. "Laurentine, aksanti kwa chakula. Aksanti, mutoto wangu, tuende."

Binti alimtazama Ruta, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali awe nayo. Akachukua mkoba wake na kumfuata baba yake.

Kutoka Columbus mpaka Louisville hakuna aliyesema neno, isipokuwa Gaspari, aliyeomba tusimame akajisaidie.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeitazama tena ile video. Ni Villa Park. Niko sahihi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bado ni Villa Park.

Jumamosi, 25 Oktoba

Ruta haji tena kula Jumamosi. Joselyne ameendelea kupika kile kile kiasi cha zamani, anaweka sahani ya Ruta, halafu anaifunika. Nimempigia Birindwa simu, haipokelewi. Nimempigia Ruta, amepokea na kusema, "I'm at work, baba mdogo," na nyuma yake nasikia televisheni.

Nina hasira. Mtu mzima anabeba posa ya mtoto wake na kuondoka kwa sababu ya uwanja? Kama ningesema uongo wangenisifu?

Jumamosi, 1 Novemba

Laurentine amepiga simu leo mchana, amemaliza zamu. Nilianza kujitetea, akanikatiza.

"Papa Silvano, tulia. Kuko kitu haujue."

Walikuwa na kaka mkubwa, Masumbuko, pale Bukavu. Mwaka ule wa 1999 vita iko mjini na Birindwa amelala hospitali na homa ya matumbo, kijana mwenye nguvu amebaki mifupa. Masumbuko alikuwa na redio. Kila jioni alikwenda hospitali kumsimulia mechi, ili mdogo wake awe na kitu cha kusubiri mpaka kesho yake. Redio yenyewe ilikuwa inakoroma, nusu ya mechi haisikiki, na pale isiposikika Masumbuko alikuwa anajaza mwenyewe. Bao la Giggs alilicheza kati ya vitanda. Wagonjwa walikuwa wamejipanga pande mbili, yeye anawapita, na manesi wamesimama mlangoni wanacheka. Birindwa aliniambia watu saba kwa sababu vitanda vilikuwa saba.

Mwezi uliofuata Masumbuko alishika njia ya Walungu kutafuta unga na hakurudi. Hawakupata mwili. Hawakupata hata kiatu.

"Hatukumuzika kaka yetu," Laurentine akasema. "Ile bao njo kaburi yake. Birindwa akipataka bageni ba maana, anabapeleka pale. Na weye ukatoa telefone."

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na kulia. Naandika hivi hivi, nililia. Nina ndugu yangu amelala kwenye udongo wa Kigoma, na kaburi lake nalijua, lina msalaba wa zege niliouchanganya kwa mikono hii. Mtu angekuja na simu kunionyesha kwamba msalaba umepinda, ningemfanya nini?

Jumapili, 2 Novemba

Nimemweleza Gaspari kanisani. Nilitegemea anicheke, maana ana haki. Akasema tu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Kisha akaongeza, "Na wewe mdogo wangu, tangu kambini sijakuona ukishindwa. Hujui hata inavyofanyika."

Nimekwenda kwa Ruta, nikamweleza yote mlangoni, maana hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza akanikaribisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilikuwa nimeandaa maneno. Msamaha mzuri, wa kusimama mbele ya watu wote, kumtaja marehemu kwa jina na kuomba radhi kwa ukoo mzima. Nikampigia Aksanti nimsomee kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana subira ya nesi.

"Papa Silvano," akasema, "ni maneno ya muzuri. Lakini usiyaseme. Papa hajaelezeaka mutu ile mambo ya Masumbuko, hata miye nilijua kwa shangazi. Ukiitaja mbele ya bageni, atajua watu bote banamuhurumia. Atasema hapana, na miye nitabaki hapa. Tafuta njia ingine."

"Njia gani, mwanangu?"

"Weye njo unajuaka mambo ya mupira."

Akakata simu. Nimeanza kumpenda sana huyu binti.

Jumamosi, 15 Novemba

Birindwa amekubali tuje. Laurentine amemwomba wiki mbili nzima. Lakini ana masharti: tuende Buffalo kwake, na msemaji asibadilishwe. Maneno yake, kama Laurentine alivyonipa: "Akuje yule yule mwenye kujua yote."

Joselyne anaona ni huruma. Gaspari anaona ni mtego. Mimi naona ni vyote viwili, na kama ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Tarehe ni 3 Januari, kwa sababu kabla ya hapo ghala halimpi mtu ruhusa hata ya kuzika. Akisema hapana safari hii, Aksanti hataomba tena. Ruta anajua na mimi najua.

Jumatano, 26 Novemba

Saa za ziada za lazima. Maboksi ya sikukuu.

Jumamosi, 6 Desemba

Maboksi. Mgongo.

Kwenye mapumziko nilimkuta Gaspari anawasimulia vijana mechi fulani ya zamani, amekosea mfungaji. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Akaniona, akashangaa, akakosea na kipa pia kwa makusudi. Nikanywa chai yangu.

Jumapili, 14 Desemba

Theluji ya kwanza hapa, nyembamba. Aksanti amemtumia Ruta picha ya kwao: gari la baba yake halionekani, kuna kilima cheupe tu chenye kioo cha pembeni. Birindwa yuko pembeni na koleo na koti lake la kijivu. Nimeitazama picha ile muda mrefu. Mwanzoni nilimwona mtu mwenye kiburi. Sasa namwona mtu anayefukua kitu kilichofunikwa, na hana haraka.

Jumapili, 28 Desemba

Nimepata. Nilikuwa natafuta mechi nzuri za kuwasimulia, na wiki zote hizi nilikuwa natafuta upande wangu badala ya upande wa Birindwa. Siandiki ni ipi, nikiandika nitaghairi. Sijamwambia hata Joselyne. Itaniuma, na hilo ndilo linalonifanya niamini kuwa ndiyo yenyewe.

Jumapili, 4 Januari, Buffalo

Tumelala hapa kwa ndugu wa kanisani, barabara zimefungwa na theluji. Ya jana naandika nimelala kifudifudi, sababu itajulikana.

Sebule ya Birindwa ni ndogo na watu walikuwa wengi. Wazee wa upande wao wamekaa ukutani, sisi tumekaa upande wa dirisha, na Aksanti yuko jikoni na Laurentine kama desturi inavyotaka, haonekani mpaka aitwe. Kwa kawaida baba wa binti hukaa kimya na msemaji wake ndiye anayejibu. Birindwa hakuweka msemaji. Alikaa katikati, koti lake mwilini, akanitazama.

"Bon, mwalimu," akasema. "Leo umekuja kutufundisha nini?"

Ruta alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

Nikasimama. "Mzee wangu, leo sikuja kufundisha. Nimekuja kusimulia. Nikiruhusiwa."

"Simulia."

"Ni mechi ya mwezi wa nane mwaka 2011. Old Trafford. Manchester United na Arsenal."

Gaspari, Manchester wa tangu Mtabila, aliinua kichwa taratibu. "Yesu wangu," akasema kwa sauti ndogo.

Mimi ndiye niliyekuwa golikipa. Nilisimama mbele ya mlango wa sebule, mlango ndio goli langu, nikawaelezea wanavyokuja. Bao la kwanza, kwa kichwa. Nikaruka, nikakosa, nikageuka, nikainama kuuokota mpira wavuni, mbele ya Birindwa, mgongo wote. Nikauinua, nikautuma katikati. Bao la pili, shuti la mbali lililojikunja kama ndizi. Nikainama nikaokota. Nilikuwa nakwenda la tatu.

"Umeruka penalty," akasema Birindwa.

Nikasimama pale nilipokuwa, nikamgeukia.

"Mbele ya bao ya pili. Van Persie alipiga, De Gea akaitoa. Ingekuwa moja-moja. Unaisahau aje?"

Sikuiruka kwa makusudi. Naapa. Ni kwamba ile penalti iliniuma kuliko mabao, na moyo umekwisha jifunza kuipita. Nikamwambia, "Mzee, kweli. Nimekosea. Asante kwa kunisahihisha."

Nikarudi nyuma, nikaipiga penalti, nikaikosa.

Akavuka miguu. "Endelea."

La tatu, mpira wa adhabu wa Rooney. Nikainama. Sisi tukapata moja kabla ya mapumziko, nikalisema bila makeke. La nne, Rooney tena, adhabu tena, kana kwamba tulimwomba arudie. Nikainama. La tano. La sita. Mgongo wangu ni wa maboksi, uliniambia wazi kwamba haujaajiriwa kwa kazi hii. Tukapata la pili, ambalo lilikuwa kama mtu anayekuletea mwavuli umekwisha lowa. Halafu mchezaji wetu mmoja akatolewa kwa kadi, nikamtoa mwenyewe mpaka mlango wa bafu. Mzee wa ukutani akaanza kucheka, mwenzake akafuata. La saba, penalti yao, na wao hawakukosa. Nikainama, nikabaki chini kidogo.

"Bado moja," akasema Birindwa.

Nilimtazama. Mdomo wake ulikuwa umekaza, lakini macho yalikuwa yamejaa.

"Najua, mzee. Bado moja."

Na la nane nikalisimulia polepole kuliko yote, maana nilitaka liwe lake. Dakika za nyongeza, mpira unazunguka, unafika kwa yule yule wa bao la pili, anaupindisha kona ya mbali. Sikuruka hata. Niligeuka tu, nikainama, nikauokota ule mpira usiokuwepo, na safari hii sikuutuma katikati. Nikaupeleka kwa mikono miwili mpaka mbele yake, nikauweka miguuni pake, na sikuinuka.

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyekwenda kuitazama. Kisha nikahisi mkono mgumu umenishika kiwiko, unaniinua.

"Inatosha," akaniambia kwa sauti ya mimi na yeye tu. "Umeinama ya kutosha. Amesikia."

Hakusema nani. Sikuuliza, maana jina lake nilikuwa nalijua.

Akageukia wazee wake, akafungua vifungo vya koti, akalivua, akampa Ruta alishike. Kwao Washi, kama kwetu Warundi, mahari huanza na ng'ombe wa maneno kabla ya kitu kingine chochote, na baba mwema hapokei vyote: hurudisha kidogo, ili nyumba mpya isianze na njaa.

"Mumesikia ninyi bote," Birindwa akasema. "Hawa bageni baliingia mulango wangu na nane. Bamezileta moya moya, na adabu, muna mashahidi. Nane tumepokea." Akanitazama, na hapo kicheko kikamtoka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Na siye si bezi ba mali ya batu. Mbili tunabarudishia, watoto bapate maziwa. Laurentine! Leta mutoto asalimie bakwe."

Vigelegele vikatoka jikoni. Joselyne alikuwa amesimama juu ya kiti. Aksanti akatokea mlangoni, kwenye goli langu, amevaa kitenge cha manjano, analia na kucheka pamoja.

Ruta peke yake alikuwa bado amekaa na koti la mkwe wake mapajani, ananiangalia mimi, anamwangalia Gaspari, amechanganyikiwa.

"Kwa hiyo imekuwaje?" akanong'ona. "Amesema nini?"

Gaspari akampiga kofi la mgongo.

"Simama, mjinga wewe. Umepewa mke."